Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mapato na matumizi atayasoma mhazini, kwa hiyo siyagusi. Mimi nina jambo moja lililonikaa rohoni mwaka mzima: ziara za watembeleaji wetu kwa wazee ambazo hazikufanyika.

Miezi michache iliyopita nilikwenda kumjulia hali mzee ambaye mtembeleaji wake aliacha kwenda bila kuaga. Nilimkuta amevaa shati la kutokea, vifungo vimefungwa mpaka shingoni, na kiti cha pili kimesogezwa karibu na chake. Ilikuwa siku ile ile ya wiki, saa ile ile, na hiyo ilikuwa wiki ya tatu anajiandaa hivyo. Hakulalamika. Aliniuliza tu, "Nilimkosea nini yule kijana?"

Sikuwa na jibu, na kosa ni letu viongozi. Kila ikifika 1 Oktoba, Siku ya Kimataifa ya Wazee, watu humiminika kujiandikisha. Nasi tuliwapokea kwa pupa, tukawagawia wazee bila kumuuliza mtu kama mwaka mzima atauweza. Aliyezoea kukaa bila mgeni ana namna yake ya kuimaliza siku. Ukimzoesha mgeni kisha ukamnyang'anya, umemwacha pabaya kuliko ulipomkuta. Kuanzia sasa, mpya ataandamana kwanza na mzoefu, na anayetaka kuacha atakwenda mwenyewe kuaga, akiwa na atakayempokea kijiti. Ujumbe wa simu hautoshi.

Baadhi yenu mmeniletea malalamiko kwamba mzee fulani "hataki mazungumzo". Nilifuatilia, na mara nyingi shida ilikuwa masikio. Mtu asiyesikia vizuri huchoka kuuliza "unasemaje?", mwishowe hunyamaza. Zima redio, kaa mnapotazamana, mwanga uangukie uso wako wewe, sema polepole. Kupiga kelele hakusaidii, kunamfanya ajione anagombezwa.

Lingine ni hii tabia ya kwenda kutoa tu. Bibi mmoja alimwona mtembeleaji wake akifuma sweta, akalichukua, akafumua mistari mitatu yote, akamwambia, "Anza tena." Tangu siku hiyo ziara ni za kufuma, na bibi, anayemngoja kwa hamu, ndiye mwalimu. Mwacheni mzee naye awe na la kuwapa.

Shirika la Afya Duniani liliunda tume ya kushughulikia mahusiano ya kijamii mwaka 2023. Ripoti ya tume hiyo ya 2025 inasema mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na inauhusisha na vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka. Nilichokirudia mara mbili ni kwamba vijana nao wanaumia sana, pengine kuliko wazee. Nikakumbuka watembeleaji wawili walioninong'oneza kwamba wao wenyewe ndio wanaoihitaji ile saa moja ya ziara. Sioni aibu yoyote katika hilo. Pia tusimhurumie kila anayeishi peke yake: wapo wazee walioridhika na ukimya wao, na wapo wapweke katika nyumba zilizojaa watoto na wajukuu. Muulizeni mtu kabla ya kumwandika kwenye orodha.

Tulipoteza wazee mwaka huu. Watembeleaji wao walifiwa pia, ingawa hakuna aliyewapa pole. Katibu ataandaa kikao chao.

Orodha ya wazee wanaosubiri mtembeleaji iko mezani kwa katibu. Kabla hujaandika jina lako, angalia kwanza ratiba yako.

Yule mzee wa shati amepata mgeni mwingine. Mara mbili za kwanza alimwacha mlangoni. Ya tatu alimfungulia, lakini kiti cha pili kilikuwa bado ukutani.

Mwenyekiti