Kupunguza kondoo hakutaponya malisho, tupange siku za kurudi

Ndugu Mhariri,

Kiangazi kikikaribia, mikutano ya vijiji vya Makete, Mufindi na Mbeya haikosi hoja moja: kondoo wanamaliza ardhi, wapunguzwe. Naomba nafasi kidogo nieleze kwa nini kupunguza idadi peke yake hakuponyi malisho. Sababu iko kwenye mdomo wa kondoo mwenyewe.

Ng'ombe huzungusha ulimi, akakusanya majani na kuyakata kwa mkupuo, kwa hiyo anahitaji nyasi zenye urefu. Kondoo ana mdomo mwembamba, wa juu umepasuka katikati, na hukata kwa kubana majani kati ya meno ya chini na ufizi mgumu wa juu. Anaweza kufika sentimita mbili au tatu kutoka ardhini, tena akachukua jani na kuliacha shina. Akiwa na nafasi ya kuchagua huanza na klova na jamii nyingine za mikunde, halafu majani machanga ya nyasi. Mashina huyaacha mpaka njaa imlazimishe. Watafiti wa Uingereza miaka ya 1990 waliwapa kondoo uhuru wa kuchagua kati ya klova nyeupe na nyasi, wakakuta karibu asilimia 70 ya mlo wao ni klova, na kwamba nyasi huongezeka mlo wa jioni.

Kondoo wachache wakiachiwa eneo kubwa msimu mzima hawalitumii lote. Hula sehemu fulani, sehemu hiyo inachipua, na kwa kuwa machipukizi ni laini wanarudi palepale. Kadiri wanavyorudi ndivyo pale panavyobaki pafupi na patamu, na nyasi za jirani zinakomaa na kuwa ngumu. Piga goti kwenye kipara cha namna hiyo uangalie: ncha za majani zimekatwa sawasawa, vitako vyeupe vya nyasi viko nje, katikati ya mashina kuna udongo mtupu na magugu yaliyolala chini. Hatua mbili pembeni nyasi za kuezekea zinakufika kiunoni, kavu, na hakuna aliyezigusa. Ukipunguza nusu ya kundi, vipara vitapungua idadi, lakini vilivyobaki vitaendelea kuliwa hadi mizizi ife.

Na mizizi inakufa kweli. Mwaka 1955 mtafiti wa Marekani, Franklin Crider, alichapisha majaribio ya kukata nyasi kwa viwango tofauti. Zilizokatwa nusu ya majani, mizizi yake karibu yote iliendelea kukua. Zilizokatwa asilimia 80, mizizi yote ilisimama kwa siku 12 hivi. Kondoo akirudi siku ya kumi kwenye nyasi aliyoikata kabisa, anamkuta mgonjwa ambaye bado hajainuka kitandani. Nyasi inayotambaa, kama kikuyu au ukoka, itavumilia kwa muda kwa kuwa machipukizi yake yako chini karibu na udongo. Nyasi za mafundo za asili yetu, zinazoota kwa vishungi bila kutambaa, mfano themeda, hazivumilii. Ndizo zinazotoweka kwanza.

Kinachotakiwa ni kugawa malisho katika vitalu na kuheshimu muda wa kurudi. Waweza kuanza na vipimo hivi: kondoo waingie nyasi zikiwa na sentimita 15, watoke zikibaki 7. Kitalu kisiliwe zaidi ya siku tatu msimu wa mvua, kwa sababu baada ya hapo chipukizi lililokatwa siku ya kwanza linakuwa limeota tena na litakatwa mara ya pili. Kupumzika, masika, ni siku 30 hadi 40. Kwenye baridi ya Juni na Julai ukuaji karibu unasimama, basi usihesabu siku, angalia jani. Chukua shina la kikuyu ulipasue kwa vidole: likiwa na majani manne mapya yaliyofunguka, kitalu kiko tayari. Likiwa na mawili, funga.

Ukubwa wa kitalu unapatikana kwa mizani. Kondoo wa kilo 30 anahitaji takriban asilimia 3 ya uzito wake kwa siku, yaani gramu 900 za majani makavu. Nyasi mbichi za masika nyingi ni maji, tukichukua kwamba moja ya tano tu ni kavu, ni kilo nne na nusu mbichi. Kondoo 40 ni kilo 180. Tengeneza fremu ya mti yenye nusu mita kila upande, irushe bila kuchagua mahali, mara kumi au zaidi, ukate kila kilichozidi sentimita 7, upime umande ukishakauka. Wastani ukiwa gramu 100, mita moja ya mraba ina gramu 400, na kundi lako linahitaji mita za mraba 450 kwa siku. Ongeza theluthi ya kukanyagwa na kuchafuliwa kwa samadi: 600. Siku tatu ni 1,800. Vitalu 13 vya namna hiyo vinakipa kila kimoja mapumziko ya siku 36, na jumla yake haifiki ekari 6. Wengi hukosea hapa kwa kurusha fremu penye nyasi nzuri tu, kisha wanashangaa kitalu kinaisha siku ya pili.

Urefu huohuo wa sentimita 7 unasaidia na minyoo. Mabuu ya minyoo inayonyonya damu hupanda majani yenye unyevu, na wengi wao hubaki sentimita tano za chini. Kwa kuogopa umande, wafugaji wengi hufungua zizi saa tatu au saa nne asubuhi. Nawaelewa, lakini kondoo hula kwa muda wa saa nane hadi kumi kila siku, na mlo mkubwa ni alfajiri na kabla ya jua kuzama. Ukifungua saa nne na kurudisha saa kumi jioni umemkata milo yote miwili, naye atafidia kwa kula chini zaidi, pale penye mabuu. Heri kuacha nyasi ndefu na kumwachia hadi saa kumi na mbili jioni. Kuwasukuma kwenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni zenye unyevu, kiangazi nako kuna gharama yake: konokono wa maeneo oevu ndio wanaobeba minyoo ya ini.

Kuhusu moto wa Septemba, nitasema moja. Anayechoma na kuingiza kondoo kwenye majani ya kwanza ya kijani amekula akiba ya mwisho ya mizizi. Nafasi hiyo huchukuliwa na gugu la kangaga, ambalo mizizi yake ya chini ya ardhi haiungui, na lina sumu kwa mifugo. Subirini sentimita 15 hata hapo.

Tuna Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 na Sheria ya Maeneo ya Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010. Mipango ya vijiji inatenga eneo la malisho, lakini mara nyingi ramani inalionesha kama kipande kimoja. Naziomba halmashauri zetu zitakapopitia mipango hiyo ziweke mipaka ya vitalu ndani ya eneo hilo, kwa kufuata vijito na njia zilizopo ili pasihitajike uzio. Kamati ya malisho ibandike kwenye ofisi ya kijiji tarehe ya kila kitalu kufungwa na kufunguliwa, wachungaji wenyewe wakiwa ndio wapimaji wa nyasi, na faini ihusu kuingia kitalu kilichofungwa, si wingi wa kondoo wa mtu.

Msomaji wenu,
Mtaalamu wa malisho, Mbeya