Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi: Bwawa la Bustani ya Shule Yetu, Newala

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Mkuu wa Shule pamoja na walimu wetu,
Wazazi, walezi na wanafunzi wenzetu,

Asalaam alaikum. Tumsifu Yesu Kristo. Habari za asubuhi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa niaba ya wanachama wa Klabu ya Mazingira tunakukaribisha kwa heshima kubwa, na tunakushukuru kwa kukubali kuja kuzindua jambo ambalo kwa ukubwa wa eneo ni dogo sana, yaani bwawa la bustani lenye urefu wa mita nne na upana wa mita tatu, lililo mbele ya jengo la utawala. Mtu anayesimama Shimo la Mungu, kwenye ukingo wa genge, na kutazama bonde la Mto Ruvuma huelewa mara moja shida ya uwanda huu wa Makonde: maji yapo, lakini yako chini. Udongo wetu ni wa kichanga, mvua ikinyesha hunywewa na ardhi, na bibi zetu walishuka na kupanda genge wakiwa na mitungi kichwani ili watoto wapate maji ya kunywa. Ndiyo maana hatulichukulii kwa wepesi bwawa lolote lililopo huku juu, hata kama lina ukubwa wa chumba kimoja.

Bwawa hili lilijengwa kwa saruji kama pambo. Lilikuwa na kina cha sentimita 80 na kuta zilizosimama wima pande zote nne, na likijaa lilichukua takribani lita 9,600, ambazo ni ndoo 480 za lita ishirini. Kila mwisho wa muhula maji yote yalimwagwa, kuta zikasuguliwa kwa brashi na sabuni ya unga, kisha wanafunzi wa zamu wakaanza upya kubeba ndoo. Hesabu hiyo ya ndoo ndiyo iliyofanya bwawa lichukiwe. Maji yalipokuwa adimu lilibaki na maji ya kijani yasiyofika magotini, likawa mazalia ya mbu, na asubuhi tulikuwa tukiopoa humo mijusi, panya, na siku moja vifaranga wawili wa kuku wa mwalimu. Katika kikao cha wazazi ikapendekezwa lifukiwe kwa mchanga. Pendekezo hilo lilikuwa na haki yake, nasi hatukulipinga. Tuliomba tu tupewe masika moja.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tulipolichunguza tuligundua kwamba tatizo kubwa lilikuwa kuta zake. Kiumbe aliyeingia hakuweza kutoka, na aliyetaka kunywa hakuwa na mahali pa kukanyaga. Kwa hiyo mwezi Oktoba 2024 tulivunja ukuta wa upande wa kaskazini na kutengeneza mteremko wa mawe na udongo wa kichuguu, ambao mafundi wa zamani hapa kwetu wanaujua kuwa ukishindiliwa vizuri haupitishi maji kirahisi. Leo sehemu ya kwanza ya bwawa ina maji ya kina cha kiganja tu, sehemu ya pili inafika magotini, na katikati kumebaki shimo lenye kina kilekile cha zamani. Nyufa za sakafu tulizikandika saruji, kisha tukalijaza na kulimwaga mara tatu kwa wiki tatu, kwa sababu saruji mbichi hutoa chokaa inayoyafanya maji kuwa makali kwa viumbe wenye ngozi laini. Sabuni tuliipiga marufuku tangu siku hiyo.

Kuhusu maji, tuliacha kutegemea ndoo. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati hutoa lita moja, na paa la jengo la utawala lina mita za mraba 160. Kwa hesabu hiyo, mvua yenye jumla ya milimita 60 inatosha kulijaza bwawa lote, ukiacha kidogo kinachopotea njiani. Mfereji mmoja wa bati uliotengenezwa na fundi wa hapa mjini ndio unaofanya kazi iliyokuwa ikifanywa na wanafunzi 40.

Mimea tuliyopanda ni michache: ndago na matete machache kwenye ukingo, na yungiyungi katikati, ambayo majani yake sasa yanafunika karibu nusu ya uso wa maji na kuyapunguzia jua. Mizizi yote tuliisuuza kabla ya kuipanda ili tusilete mayai ya konokono. Tuliletewa pia gugumaji kwa sababu maua yake yanapendeza, tukalikataa, kwa kuwa tulishasoma darasani namna lilivyolisumbua Ziwa Victoria.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, utuwie radhi tukichukua muda kidogo kueleza waliokuja, maana hapa ndipo furaha yetu ilipo. Hatukuleta mnyama hata mmoja katika majuma yale ya mwanzo. Kereng'ende ndio waliotangulia, wakafika siku chache tu baada ya mvua ya kwanza kubwa ya Desemba, wakawa wanagusisha mikia yao majini kutaga. Wengi wetu hatukujua kwamba mtoto wa kereng'ende huishi ndani ya maji kwa muda mrefu kabla ya kupata mabawa, na kwamba huko chini ni mwindaji hodari anayekula mabuu ya mbu. Siku ya kutoka hupanda kwenye bua la ndago, hupasua gamba lake na kuliacha limeng'ang'ania pale. Tunayo magamba kumi na saba katika kisanduku cha maabara, na tungependa uyaone kabla hujaondoka.

Januari walikuja vyura. Mlinzi wetu wa usiku, ambaye kwetu sisi ni babu, alituambia alisikia mlio aliousikia mara ya mwisho akiwa kijana. Wiki iliyofuata tuliona kwenye tawi la mwembe lililoinama juu ya bwawa donge jeupe la povu, kubwa kama ngumi mbili, na baadhi yetu tulidhani ni ute wa wadudu au mchezo wa watoto wa darasa la chini. Lilikuwa kiota. Yuko chura anayeishi juu ya miti ambaye jike lake hupiga ute kwa miguu ya nyuma mpaka ukawa povu, na humo hutaga mayai. Povu hukauka juu na kubaki bichi ndani, na baada ya siku kama tano viluwiluwi hudondoka kimoja kimoja majini. Tulikaa chini ya mwembe ule jioni mbili mfululizo tukiwahesabu, mpaka giza likatuzuia. Tawi hilo lilikuwa limepangwa kukatwa ili bustani ionekane nadhifu, na tunamshukuru Mkuu wa Shule kwa kuliacha.

Ni wajibu wetu pia kusema tulipokosea. Mwezi Februari tulitaka kuongeza uzuri wa bwawa, tukaweka perege kumi na wawili. Katika muda usiozidi wiki mbili viluwiluwi wote waliokuwa sehemu ya kina walikwisha, na watoto wa kereng'ende wakawa wachache sana. Katika eneo dogo namna ile perege hula mayai, hula viluwiluwi, na huchimbua matope mpaka maji yanakuwa machafu. Tuliwavua wote kwa wavu, kazi iliyotuchukua siku nne. Anayetaka samaki achimbe bwawa la samaki; hili tumeamua libaki la vyura, kereng'ende, nyuki wanaokuja kunywa saa za joto, chiriku wanaooga kwenye maji ya kiganja, na mdiria aliyeanza kutua kwenye ukuta wa kusini.

Wazazi walituuliza kuhusu malaria na kichocho, na maswali hayo ni ya haki katika mkoa wetu. Yai la mbu huweza kufika hatua ya kuruka katika muda wa siku saba hadi kumi na nne, kwa hiyo kila wiki tunachota maji kwa kata jeupe kando zote za bwawa na kutazama mabuu. Tangu watoto wa kereng'ende waongezeke, tumekuwa tukikuta mabuu mengi zaidi katika matairi mabovu na ndoo zilizovunjika nyuma ya jiko kuliko bwawani, na vitu hivyo tumeviondoa. Mabuu yakizidi siku moja, tutaomba viuadudu vya kibiolojia vinavyotengenezwa Kibaha, ambavyo huua mabuu ya mbu bila kuwadhuru vyura. Kuhusu kichocho, ugonjwa huu huhitaji konokono, huhitaji mkojo au kinyesi cha mgonjwa kuingia majini, na huhitaji mtu kuingia katika maji hayo. Sheria yetu ni moja na haina msamaha: hakuna anayeoga, anayefua wala anayekanyaga maji ya bwawa kwa miguu mitupu.

Jambo lililotupa shida kuliko yote ni salfa. Shamba la mikorosho la shule linapakana na bustani, na ifikapo Juni upulizaji huanza alfajiri ili kuzuia ubwiriunga, yaani ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Korosho ndiyo ada na ndiyo sare za wengi wetu tuliosimama hapa, kwa hiyo hatuwezi kumwambia mtu yeyote asipulize. Hata hivyo, unga ule hupeperuka, na salfa hugeuka asidi katika udongo na maji. Tulichofanya ni kufunika bwawa kwa turubai kila alfajiri ya upulizaji, na kuiacha mikorosho miwili iliyo karibu zaidi bila kupulizwa. Miwili hiyo ilizaa kidogo. Tunaomba wataalamu wa taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI Naliendele, watushauri aina ya mikorosho inayostahimili ugonjwa huo ili tuipande upande ule.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ukija hapa mwezi Oktoba utakuta bwawa limepungua mpaka limebaki shimo la katikati, na pengine utakuta tope tupu. Tunaomba usidhani tumelitelekeza. Tuliamua kwa kauli moja kwamba maji ya bomba, yanayopandishwa kwa mashine kutoka mabondeni na kugombaniwa na akina mama, hayatamiminwa bwawani wakati wa kiangazi. Viumbe wa nchi hii wamezoea majira yake. Vyura hujificha ardhini na chini ya magogo wakingoja mvua. Katika nyanda za chini za Lindi na Mtwara wako hata samaki wadogo wa rangi za kung'aa wanaoishi kwenye madimbwi ya masika tu. Dimbwi likikauka wazazi hufa, na mayai hukaa hai ndani ya tope mpaka mvua irudi. Bwawa linalokauka huwanyima perege na kambare nafasi ya kutawala, na kwa kuwa wawindaji hao hawapo, viluwiluwi wa msimu unaofuata hupata kuishi. Wakati huo wa ukame tunaweka beseni moja la maji kivulini kwa ajili ya ndege na nyuki, basi.

Tunayo maombi matatu. Tunaomba mfereji wa paa la bweni pamoja na tangi la lita 5,000, ili maji ya masika yatumike bustanini na kupunguza zamu za ndoo. Tunaomba seng'enge na nguzo za kuzungushia bwawa, kwa sababu watoto wadogo wa shule ya msingi jirani hupita hapa, na maji ya sentimita 80 yanatosha kumzamisha mtoto.

Ombi la tatu halimo ndani ya uzio wetu. Vyura wetu walikuja kwa miguu yao usiku wa mvua, na mahali pekee walipoweza kutoka ni dimbwi la masika lililo nyuma ya soko, ambalo sasa linatupwa taka na kufukiwa kidogo kidogo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za bahari, mito, maziwa na mabwawa. Tunaomba dimbwi lile nalo litazamwe kwa jicho hilohilo, taka zipelekwe mahali pengine, na njia ya kati ya dimbwi na shule ibaki na majani. Klabu yetu iko tayari kuanza kulisafisha Jumamosi yoyote utakayoelekeza, na wanachama 32 wameshajiandikisha kwa kazi hiyo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.