Mwambie Mama Zuhura aache kwanza

Mpenzi Mwanaidi,

Salamu nyingi. Sisi wazima, natumaini nanyi hamjambo. Nimekaa kimya wiki tatu kwa kuwa nilitaka nikuandikie nikiwa na jibu kamili la yale magome ya dawa uliyonipa niyapime, lakini uliponiambia Mama Zuhura ameanza kuyanywa maji ya yale magome, nimeona nisingoje tena.

Mwambie aache kwanza. Tafadhali.

Magome nimeyaanika kivulini, nikayasaga, nikayaloweka kwenye methanoli (aina ya spiriti) siku tatu, nikachuja na kukausha mpaka likabaki rojo jeusi linalonata. Nilipolidondoshea kloridi ya chuma, likageuka papo hapo buluu nzito kama wino. Hiyo ni tanini, kemikali ya mimea yenye ukakasi, tena nyingi. Nilipotikisa na maji, povu likapanda na kukaa: saponini hizo, kemikali za mimea zinazotoa povu kama sabuni. Alkaloidi, kundi la kemikali za mimea ambamo kwinini imo, hazikujitokeza.

Kisha nikaingia kwenye bakteria. Asubuhi nilipotoa sahani niliyooteshea bakteria nilikuta duara safi limezunguka kikaratasi chenye dawa yetu, hakuna kilichoota hapo, nikataka kukupigia simu saa ile ile. Halafu nikatazama kikaratasi cha pembeni, nilichokilowesha methanoli tupu. Nacho kilikuwa na duara lake! Sikuwa nimeviacha vikauke vya kutosha, methanoli yenyewe ikawazuia bakteria. Nimerudia kwa vikavu kabisa: duara la methanoli limetoweka, letu limebaki, ila limepungua karibu nusu.

Hilo lililobaki ndilo linalonisumbua. Tanini hushikamana na protini yoyote inayokutana nayo. Ndiyo maana magome yana ukakasi mdomoni, na ndiyo maana hutumika kutengenezea ngozi. Kwenye sahani inaweza kuwazuia bakteria vizuri tu, lakini tumboni itakutana na protini za chakula kwanza. Sitaliamini duara hilo mpaka niitoe tanini na kupima upya.

Najua utasema wazee wameyatumia tangu zamani. Nami naamini kuna kitu. Kwinini yenyewe, ile dawa ya malaria, ilitoka kwenye magome ya mkwinini, na watu waliyanywa kwa homa muda mrefu kabla wanakemia Wafaransa Pelletier na Caventou hawajaitenga mwaka 1820. Lakini ilipotengwa ndipo kipimo kilipoweza kujulikana, maana gome moja halilingani na jingine, na kwinini ikizidi masikio huvuma. Sisi kipimo hatuna. Sumu sijapima. Na Mama Zuhura yuko kwenye vidonge vya presha... hapo ndipo usingizi unaponiruka.

Nina ombi pia. Nitumie tawi lenye majani na maua, ulibane ndani ya magazeti likauke. Jina moja la kienyeji linaweza kubeba miti mitatu, na bila tawi siwezi kusema nimepima mti gani.

Je, anakunywa kiasi gani, na anayachemsha au analoweka tu? Amelalamika tumbo au kizunguzungu? Daktari wake anajua? Magome uliyabandua lini, kwenye shina au mizizi? Usiniambie mmelizungushia shina lote, mti utakufa ule! Na kuna mwingine uliyemgawia?

La Mama Zuhura nijibu leo, hata kwa neno moja. Mengine yatafuata.

Wako,
Saumu