Ketamini isitolewe bila mtu wa kumwangalia mgonjwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nizungumzie ketamini, dawa ambayo siku hizi inatajwa mno kuwa tiba ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, na maumivu sugu. Nimefanya kazi ya kutoa dawa za usingizi katika chumba cha upasuaji kwa miaka mingi, na nimeichoma dawa hii kwa mkono wangu mara zisizohesabika. Naumia ninapoisikia ikizungumzwa kama kilevi cha kumbi za starehe tu, na naumia zaidi ninapoisikia ikinadiwa kama muujiza ambao mtu anaweza kuuagiza kwa simu ukamfikia chumbani kwake.

Ketamini ilitengenezwa mwaka 1962 na mkemia Calvin Stevens, na Marekani ikaiidhinisha kuwa dawa ya usingizi mwaka 1970. Tunaipenda kwa sababu, ikitolewa kwa kipimo sahihi, mgonjwa hasikii kisu ilhali kwa kawaida huendelea kupumua mwenyewe na shinikizo lake la damu halishuki, jambo lenye thamani kubwa mno mahali ambapo vifaa ni haba. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 1985, na haijaondolewa hadi leo.

Habari ya sonona ilikuja baadaye. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha mwaka 2000 matokeo ya wagonjwa wachache waliopewa dozi ndogo, miligramu 0.5 kwa kila kilo ya uzito, kwa dripu ya dakika 40. Mwaka 2006 wenzao wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani walirudia jambo hilo kwa wagonjwa ambao dawa nyingine zilikuwa zimewashinda: kesho yake asilimia 71 walikuwa wamepata nafuu ya kuonekana. Anayejua kwamba dawa za kawaida za sonona huhitaji wiki kadhaa ndipo zifanye kazi ataelewa kwa nini madaktari walishtuka. Kwa mtu anayewaza kujitoa uhai usiku wa leo, wiki nne ni mbali mno.

Lakini katika utafiti huohuo, walioendelea kuwa na nafuu hiyo kwa wiki nzima walikuwa asilimia 35 tu, na hiyo ndiyo sehemu ambayo wauzaji hawaitaji. Dozi moja hufungua mlango kwa siku chache. Baada ya hapo mgonjwa anahitaji dozi nyingine zilizopangwa, dawa za kuendelea nazo, mazungumzo na mtaalamu, na watu wa nyumbani wanaojua dalili za ugonjwa kurejea. Mgonjwa aliyeonja ahueni kisha akaiona ikiyeyuka bila mtu wa kumpokea yumo hatarini, na ni huyo ninayemfikiria kila ninapoandika mstari huu.

Marekani ilipoidhinisha esketamini, ndugu wa karibu wa ketamini anayepulizwa puani, mwezi Machi 2019, iliweka sharti kwamba mgonjwa aipulize mbele ya mhudumu wa afya, abaki akiangaliwa kwa saa mbili angalau, na asiendeshe gari hadi kesho yake akiwa amelala vizuri. Kwa aliyewahi kukaa kando ya kitanda cha mgonjwa wa ketamini, masharti hayo hayana ukali wowote. Shinikizo la damu hupanda, kichefuchefu huja, na mtu anaweza kujihisi ametengana na mwili wake, hali ambayo humtisha sana asiyeandaliwa. Mwenye historia ya saikosisi, yaani ugonjwa wa akili unaomfanya mtu aone au asikie yasiyokuwepo, au shinikizo la damu lisilodhibitiwa anapaswa kujulikana kabla dawa haijatolewa. Matumizi ya mara kwa mara, hasa ya kiholela, huweza kuharibu kibofu cha mkojo na kuleta uraibu. Oktoba 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani iliona haja ya kuonya hadharani kuhusu ketamini zinazochanganywa na maduka ya dawa yenyewe na kutumiwa nyumbani bila uangalizi.

Kuhusu maumivu sugu, ahadi inapaswa kuwa ndogo zaidi. Ketamini huziba vipokezi vya neva ambavyo, vikichochewa muda mrefu, huufanya uti wa mgongo uyakuze maumivu kupita kiasi, na kwa hiyo baadhi ya wenye maumivu ya mishipa ya fahamu hupata unafuu kwa dripu. Unafuu huo mara nyingi hufifia baada ya wiki kadhaa, na kwa aina nyingi za maumivu ushahidi wake bado ni dhaifu. Kumwambia mwenye mgongo uliomtesa miaka kumi kwamba ataponywa kwa dripu chache ni kumchukulia pesa na matumaini kwa pamoja.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba gazeti lako linapoandika habari za waliopona kwa ketamini, liwaulize pia waliowatibu: nani alipima shinikizo la damu kabla na baada ya dozi, mgonjwa alikaa chini ya uangalizi kwa muda gani, na wiki iliyofuata alikuwa akitunzwa na nani.

Wako katika huduma,
Mtoa dawa za usingizi