Barua kwa Rehema: Msiiuze karavani kwanza

Magomeni Mapipa,
Dar es Salaam

Mpendwa rafiki yangu Rehema,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta wewe, Baba Nasra na watoto mkiwa buheri wa afya. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama anaendelea vizuri na miguu yake, Bi Mwanahamisi amesharudi kutoka Pangani, na salamu zako za Shangazi nilizipeleka mwenyewe mpaka Mburahati.

Madhumuni ya barua hii ni lile uliloniambia juzi, kwamba huko kwenu Leicester, Uingereza, Baba Nasra ameshaipiga picha karavani yenu, ile nyumba ndogo ya magurudumu mnayoivuta kwa gari mkienda likizo, na anataka kuitangaza iuzwe kabla majira ya joto hayajaanza. Ningeweza kukujibu kwa simu, lakini jambo hili limenikaa moyoni tangu siku ile, na maneno ya simu hukatizwa na watoto, na mtandao, na mgeni anayebisha hodi, mtu akajikuta amesema nusu ya aliyokusudia. Nimeona niyaandike yote ili myasome pamoja, kisha muamue wenyewe. Ninamwomba shemeji asione kwamba ninaingilia mambo ya nyumba yake, kwa maana najua mzigo wa hesabu anaubeba yeye.

Na hesabu zenyewe sizipingi. Kazi yangu ni hesabu, na ulizonitumia nimezipitia mstari kwa mstari: ada ya kuihifadhi karavani miezi ya baridi, bima, ukaguzi wa kila mwaka, matairi yanayotakiwa kubadilishwa kwa sababu ya umri hata kama hayajalika, mitungi ya gesi, mafuta ya gari ambayo huliwa mara tu mnapofunga mzigo ule nyuma, na juu ya yote ada ya kiwanja cha kambi. Nilifuatilia habari za huko Julai 2022, petroli ilipopita pauni 1.90 kwa lita, na Oktoba ya mwaka huo huo mfumuko wa bei ulipofika asilimia 11.1. Mfumuko ulishuka baadaye, lakini kushuka kwa mfumuko si kushuka kwa bei. Bei za vitu vingi zilibaki kule juu zilikopanda. Wala hamwezi kuikwepa Agosti, mwezi ambao kila kiwanja hupandisha ada, kwa sababu mkiwatoa watoto shuleni wakati wa masomo mnaandikiwa faini, na tangu Agosti 2024 faini hiyo huko Uingereza ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, au 160 mkichelewa kulipa. Kwa hiyo simlaumu shemeji anaposema kwamba kwa fedha zile zile familia ingepanda ndege ikakae hoteli Uturuki juma zima, chakula kikiwa kimeshalipiwa.

Ninachokiuliza ni kimoja tu: katika safari hiyo ya Uturuki, nani anakwenda? Wewe, Baba Nasra, Nasra na Idi. Mama mkwe wako ameshasema hapandi ndege tena isipokuwa ile ya kumrudisha nyumbani, na tunamjua, akisema amesema. Atabaki Leicester peke yake, au wewe utabaki naye, na yule binti wa Mama Sauda mliyekuwa mkimchukua kila mwaka mama yake akiwa zamu ya usiku hatakuwa na nafasi, kwa sababu hoteli inahesabu vichwa. Karavani haikuwahesabu. Ilikuwa imeshalipiwa kiwanja, na akiongezeka mtu, matakia yalisogezwa. Hesabu ya shemeji inalinganisha gharama mbili bila kulinganisha waliomo ndani yake.

Mimi nimekuwamo, ndiyo maana ninasema. Majira yale ya joto nilipokuja kwa mafunzo, mkanichukua hadi kile kiwanja karibu na mji wa pwani wa Skegness, kitu kilichonishangaza kwanza ni pipa la maji. Nilikuwa nimedhani karavani ina maji yake, kumbe maji yanachotwa kwenye bomba la kiwanja kwa pipa la plastiki lenye mpini mrefu, ambalo hulazwa ubavu na kuvutwa likibiringika juu ya majani mpaka mlangoni. Nasra na Idi waliugombea mpini ule hadi Baba Nasra akapanga zamu. Asubuhi ya zamu yake Idi aliamka kabla ya watu wote, akavaa mabuti juu ya nguo za kulalia, akakaa mlangoni akingoja kuche vizuri. Mtoto huyo huyo, nyumbani kwenu, alikuwa akiitwa mara tatu alete glasi ya maji. Usiku meza ya chakula ilishushwa ikawa kitanda, mvua ikaanza kupiga paa, na kwa kuwa hapakuwa na chumba kingine cha mtu kujitenga na simu yake, mama mkwe wako akaanza habari za shamba la mkonge la Muheza, jinsi mumewe alivyoingia kukata mkonge akiwa kijana na alivyotoka. Nasra alimuuliza maswali mengi usiku ule. Wewe mwenyewe uliniambia kesho yake, tukiosha vyombo, kwamba hujapata kumsikia akimuuliza bibi yake chochote cha Tanga.

Kitu cha namna hiyo hakipangwi. Kinatokea watu wakibanana mahali padogo bila pa kukimbilia, na hoteli kazi yake ni kumpa kila mtu pa kukimbilia.

Ni shemeji mwenyewe aliyenieleza asili ya jambo hili, na nashangaa kwamba leo yeye ndiye anayetaka kuliacha. Alinisimulia habari za daktari wa zamani wa jeshi la majini, William Gordon Stables, ambaye alijengewa Bristol karavani aliyoiita The Wanderer, ikafungiwa farasi wawili, akasafiri nayo mwaka 1885 kutoka kusini mwa Uingereza hadi Inverness kule Uskoti. Chama chao cha wenye karavani kilianzishwa mwaka 1907. Mambo hayo yalikuwa ya wenye nafasi, watu waliokuwa na watumishi wa kuwatunzia farasi. Kisha mwaka 1938 ikapitishwa sheria ya likizo zenye malipo, vita vikaja na kupita, wafanyakazi wa viwandani wakaanza kumiliki magari, na kitu cha tajiri kikawa cha fundi na muuguzi. Nilimuuliza: je, mafuta hayakuwahi kuwashinda? Akanijibu kwamba petroli iliendelea kugawiwa kwa kuponi hadi mwaka 1950, ikarudishwa kwenye kuponi mwishoni mwa 1956 kwa sababu ya mgogoro wa Mfereji wa Suez, na mwaka 1973 bei ya mafuta ikapaa dunia nzima. Desturi haikufa hata mara moja kati ya hizo. Mkumbushe maneno yake hayo, Rehema, kwa sababu aliyasema kwa fahari.

Kuhusu ushauri wa Mama Sauda, kwamba muuze hii ya kuvuta mnunue ile inayokaa kiwanjani daima, nakuomba muwe waangalifu sana. Nyumba itakuwa yenu lakini ardhi ni ya mwenye kiwanja, naye atadai kodi yake kila mwaka mwende msiende, na kodi hiyo hupanda. Mkataba una mwisho wake. Viwanja vingi vya likizo hufungwa sehemu ya majira ya baridi, wala sheria haiwaruhusu kuvifanya makazi. Na thamani yake inashuka mwaka hadi mwaka, si kama kiwanja cha kujenga nyumba kule Chanika. Hii ya kuvuta, mwaka ukiwa mgumu mnaweza kuivuta mwendo wa nusu saa tu kutoka nyumbani, au msiende kabisa na mkabaki mnadaiwa kidogo.

Nimejiuliza kwa nini jambo lenu limeniuma kiasi hiki, na jibu liko hapa hapa kwetu. Safari yetu ya Lushoto ya mwisho wa mwaka nayo iko mashakani. Unaijua: Coaster ya kukodi inaondoka Magomeni baada ya sala ya alfajiri, Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, halafu zile kilomita 33 za kona za kupanda kupitia Soni, watoto wakitapika na shangazi zangu wakiimba. Bei ya mafuta inatangazwa kila mwezi na EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, na tangu miaka ile ya 2022 na 2023, petroli na dizeli zilipovuka shilingi 3,000 kwa lita hapa Dar es Salaam, wenye Coaster walipandisha na hawakuona sababu ya kushusha. Kwenye kikao cha ukoo mwezi uliopita Kaka Shabani akatoa hoja kwamba kila mtu apande basi lake pale stendi ya Magufuli, Mbezi, tukutane Lushoto. Alikuja na karatasi. Kwa hesabu alikuwa sahihi, nami ndiye niliyeombwa kuikagua, nikasema mbele ya watu kwamba ni sahihi.

Lakini Bi Mwanahamisi hawezi kupanda basi la abiria peke yake na magoti yale. Mke wa Juma, mwenye mapacha, hataweza. Bibi Tatu anayesahau majina hataweza. Hakuna aliyesema wasije, Rehema, hakuna hata mmoja, ila mpango wenyewe ulikuwa umeshawaacha. Nilipoliona hilo niliwakumbuka mama mkwe wako na binti wa Mama Sauda, na nikaona kwamba huku na huko linalotendeka ni lile lile: safari ya pamoja inapoonekana ghali, kila mwenye uwezo hujipunguzia gharama, na gharama iliyopunguzwa inawaangukia wazee na watoto, ambao hawana sauti kwenye kikao. Nililisema hilo. Kaka Shabani alikaa kimya, kisha akaomba kikao kiahirishwe. Bado tunangoja.

Nilichopendekeza kwetu ndicho ninachowaomba ninyi mkifikirie. Tupunguze safari, tusiwapunguze watu. Sisi tutakaa Lushoto siku chache kuliko tulivyozoea, hatutachinja mbuzi wawili, na wenye magari madogo watachangia Coaster badala ya kwenda na magari yao yakiwa na viti vitupu. Ninyi mnaweza kwenda mwishoni mwa Mei, ile wiki ya shule kufungwa kidogo, kabla ya bei za Agosti. Mnaweza kuchagua kiwanja kisicho na bwawa la kuogelea wala disko, kwa sababu niliwaona watoto wenu na hawakuwa na haja navyo, walikuwa na pipa la maji na pwani. Mnaweza kugawana ada ya hifadhi na bima na familia ya Mama Sauda, nao wakaitumia wiki zao, mradi mwenye bima aulizwe kwanza na jambo liandikwe. Shemeji analalamikia mwendo, kwamba sheria haimruhusu kuzidi maili 60 kwa saa akiwa anavuta, wala kuingia njia ya nje kabisa kwenye barabara kuu ya njia tatu. Mimi niliyekaa kiti cha nyuma siku ile naona mwendo ule ndio uliotupa nafasi ya kusimama, kunywa chai ya chupa na kula maandazi yako pembezoni mwa mashamba yale ya Lincolnshire yasiyo na mwisho wala mlima.

Najua anaharakisha kwa sababu wanunuzi hutafuta karavani kabla ya joto kuingia. Hata hivyo kuuza ni rahisi, kununua tena hakutakuwa rahisi kwa bei za leo, na Nasra ana umri ambao miaka miwili mitatu ijayo hatakubali kulala kwenye meza iliyoshushwa. Idi bado. Muda uliobaki wa wote kuingia mle ndani ni mfupi kuliko maisha ya matairi yale, na hilo sijaliona kwenye karatasi ya shemeji.

Nina ombi pia. Nikishinda hapa, ninataka njiani tulale usiku mmoja kwa mahema, Bi Mwanahamisi alale ndani ya Coaster, na sijui familia kubwa hivi inapangaje vyombo na chakula bila kubeba nyumba nzima. Tafadhali niandikie orodha yenu, ile uliyoibandika ndani ya mlango wa kabati la karavani.

Na unijibu haya upesi. Tangazo limeshatoka au bado ni picha tu? Mama mkwe ameulizwa, au amesikia pembeni? Watoto wanasema nini, hasa Idi? Mama Sauda angekubali kuchangia kama mkimwambia kwa utaratibu? Mwenye kiwanja cha Skegness anatoza kiasi gani mwishoni mwa Mei, na mlishawahi kumuuliza? Je, kama shemeji angepata mtu wa kugawana naye gharama nusu kwa nusu, bado angetaka kuuza, au kuna lingine linalomsumbua ambalo hajalisema?

Mama anakusalimu sana, na Halima anauliza kama zile kanga zilifika. Msalimie shemeji kwa heshima zote, na watoto uwabusu.

Wasalaam,
rafiki yako,
Mwanaidi