Chuma kile nimekizunguka

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu sanaa ya maumbo matupu, yasiyofanana na mtu wala kitu, imenigusa pabaya. Mwandishi ameitaja Tilted Arc, sanamu ya mchongaji Mmarekani Richard Serra, akaiita bamba la chuma lisilo na maana. Yeye ameiona pichani. Mimi nimeizunguka.

Niliacha ubaharia mwaka 1983 nikabaki New York, na makaratasi yangu ya uhamiaji yalikuwa kwenye jengo la serikali pale Federal Plaza, Manhattan. Uwanjani, tangu 1981, lilisimama bamba hilo: urefu wake kama mita 37, kimo mara mbili yangu, limepinda na kuinama kidogo. Ukitokea upande wangu mlango huuoni. Unakata kulia au kushoto, unazunguka, bahasha kwapani.

Kilichonichekesha ni kutu. Miaka tisa melini serahangi, msimamizi wetu mabaharia, alitugongesha kutu kwa nyundo tangu alfajiri, kisha rangi, kisha kutu tena. Hapa serikali imelipa dola 175,000 kwa chuma kilichoachwa kishike kutu makusudi! (Chuma cha aina ile, kutu ya juu ndiyo inayokilinda cha ndani.) Baadaye nikasikia kwamba baba yake Serra alikuwa fundi kwenye kiwanda cha meli. Nikasema, ala, kumbe.

Wafanyakazi wa majengo yale walilalamika, sahihi zikafika 1,300. Mwaka 1985 watu wakaitwa kusema: 122 wakalitetea, 58 wakataka liondoke. Hata hivyo likahukumiwa kuondoka. Serra alishikilia kwamba limetengenezwa kwa uwanja ule tu, kulihamisha ni kuliua. Usiku mmoja wa Machi 1989 likakatwa vipande vitatu.

Sikulipenda, nakiri. Lakini mgeni asiye na karatasi huzoea kuonyeshwa pa kusimama na pa kupita, asiulize. Chuma kile ndicho kilichonifanya nijiulize kwa mara ya kwanza ni nani aliyeamua nipite wapi. Mwandishi wenu aipime hiyo kabla ya kusema halina maana.

Nilipopita baada ya kuondolewa, uwanja ulikuwa mweupe, mlango unaonekana toka barabarani. Miguu yangu ikakata kulia, ikazunguka hewa. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu naye akafuata.

Baharia mstaafu,
Tanga