Simfoni ya Tano ya Beethoven: anzia darajani, si mlangoni

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Umeniuliza ni rekodi ipi ya Simfoni ya Tano ya Beethoven inayofaa kuanzia, na ukasema umezilinganisha kwa kusikiliza dakika ya kwanza ya kila moja. Naomba nikusimamishe hapo hapo. Zile nota nne za mwanzo ni mlango tu, na kila kondakta anajua kwamba dunia nzima imekaa ikizisubiri, kwa hiyo kila mmoja ameupamba mlango wake. Ukitaka kujua nyumba imejengwaje, nenda pale sehemu ya tatu inapovuka kuingia ya nne. Mimi hupaita daraja.

Lina vipimo 50 (kipimo ni kijisehemu cha mapigo machache kati ya mstari na mstari kwenye muziki ulioandikwa), kuanzia cha 324 cha sehemu ya tatu. Nyuzi za chini zinashikilia A-fleti, kimya karibu kabisa, na timpani, zile ngoma kubwa za okestra, inagonga C juu yake kwa kunong'ona. Hizo nota mbili haziambii sikio tunaelekea wapi. Baadaye fidla za kwanza zinaanza kupapasa vipande vya wimbo uliofungua sehemu hiyo, zikipanda hatua kwa hatua kama mtu anayetafuta swichi gizani. Sauti hairuhusiwi kukua mpaka vipimo vichache vya mwisho, vinane hivi. Ndipo ufunguo wa C meja unafunguka, na zinaingia tromboni tatu, pikolo na kontrabasuni, ambazo tangu simfoni ianze hazijapuliza hata nota moja. Beethoven amezificha kwa zaidi ya dakika 20 kwa ajili ya hapo.

Makosa ya darajani ni yale yale kila mara. La kwanza, okestra inaanza kupanda mapema, kwenye kipimo cha 340 hivi, na ikifika mwisho haina tena pa kupanda. La pili, timpani inapigwa kwa virungu laini kwenye ngozi ya plastiki, badala ya kusikia kugonga unasikia mvumo. La tatu si la wapigaji: fundi mitambo anainua sauti pale pa kimya ili msikilizaji asihangaike, halafu anaishusha okestra yote inapoingia. Ukisikia rekodi ambayo sehemu ya nne inaanza kwa sauti ile ile ya darajani, ujue daraja limebomolewa studioni.

Sasa rekodi zenyewe. Ya kondakta Carlos Kleiber na okestra ya Vienna Philharmonic ya mwaka 1974 ndiyo ningekupa kwanza, na najua kila mtu husema hivyo, lakini sababu yangu ni hili daraja. Kleiber haachii mwendo. Wengi hupunguza kasi hapo ili kuongeza kiza. Yeye anaacha mapigo yaendelee vile vile, na hofu inatokana na kwamba kitu kinasogea na hukioni. Sehemu ya nne inapofunguka, inafunguka kwa nguvu ambayo ilikuwa imebanwa muda wote.

Wilhelm Furtwängler anafanya kinyume chake, na ninampenda vile vile. Itafute ile ya Berlin Philharmonic ya tarehe 27 Mei 1947, katika siku ambazo alikuwa ndiyo kwanza amerudi kuiongoza okestra hiyo baada ya vita. Ni ya mono, yaani ya mkondo mmoja wa sauti, tena ya jukwaani, kwa hiyo usitarajie usafi. Darajani anachelewesha mpaka unadhani muziki umekwama, na mwishoni kabisa mwa simfoni anakimbiza okestra kwa namna ambayo mwingine akijaribu ingesambaratika. Hii usiianze, maana ukiizoea kwanza, nyingine zote zitaonekana baridi hata zile ambazo si baridi.

Herbert von Karajan na Berlin Philharmonic mwaka 1962: kasi nzuri, nyuzi zimeungana kama ukuta mmoja, na daraja limepigwa kwa ustadi. Kinachonikera ni kimoja, nacho nitakieleza nikifika kwenye marudio. John Eliot Gardiner na Orchestre Révolutionnaire et Romantique, mwaka 1994, wanatumia vyombo vya namna ya zama za Beethoven mwenyewe. Hapo ndipo utaisikia timpani ikigonga kweli: ngozi halisi, virungu vigumu, kila pigo lina mwanzo na mwisho. Usishtuke ukiona kila kitu kiko chini kidogo kuliko ulivyozoea, kwani nota A yao imewekwa kwenye mitetemo 430 kwa sekunde, si 440. Rekodi haijaharibika.

Sijasema mlango hauna maana. Mlangoni kuna jambo moja la kupima. Alama ya kushikilia iko mara mbili, lakini ya pili Beethoven ameiongezea kipimo kizima, yaani nota ya mwisho lazima ishikiliwe zaidi ya ile ya kwanza. Kondakta anayezishikilia sawasawa hajayasoma maandishi, au ameyasoma akaamua kuyapuuza. Baada ya hapo, sikiliza ule mdundo wa nota nne unavyorushwa: fidla za pili, viola, fidla za kwanza. Kwenye rekodi ya Otto Klemperer na Philharmonia ya mwaka 1959 fidla za pili zimekaa kulia, kwa hiyo ukivaa hedifoni unausikia mdundo ukitoka kulia, ukipita katikati, ukatua kushoto. Okestra zinazoziweka fidla zote upande mmoja hupoteza mchezo huo wote. Klemperer ni mzito, sehemu yake ya kwanza inakaribia dakika 9, na wengine hawamvumilii. Mimi humsikiliza kwa ajili ya mpangilio huo na kwa jinsi vyombo vya kupuliza vya mbao vinavyosikika kila kimoja peke yake.

Sehemu nyingine ya kupima ni kipimo cha 303 cha sehemu ya kwanza. Mwanzoni, ule mwito unaotangulia wimbo wa pili hupigwa na honi, chombo cha shaba cha kupuliza. Unaporudi hapo, Beethoven ameuandikia basuni, chombo cha mbao chenye sauti nzito. Honi za wakati ule hazikuwa na vali, yaani vitufe vya kubadilishia nota. Zilikuwa zimefungwa kwa E-fleti, mwito sasa uko kwenye C, na hapakuwa na nafasi ya kubadilisha mirija. Zilipokuja honi za vali, makondakta wengi waliurudishia honi, wakisema ndivyo mwenyewe angetaka. Rekodi za vyombo vya kale huuacha kwa basuni. Mimi niko na basuni. Zinasikika zimekauka koo kidogo, na kwangu ukavu huo unafaa: mwito umerudi, lakini si kwa ushindi ule ule. Vipimo 35 kabla ya hapo, kwenye cha 268, okestra yote inanyamaza na obo moja inaimba peke yake, taratibu, kipimo kimoja tu. Mpigaji mzuri anakifanya kama pumzi ndefu. Mpigaji anayekihesabu kwa mapigo anakiua.

Kuhusu kasi, usibabaishwe na maneno "haraka" na "polepole", piga hesabu. Mwaka 1817 Beethoven alichapisha namba zake za metronomu, kifaa cha kupimia kasi ya mapigo, na sehemu ya kwanza aliipa vipimo 108 kwa dakika. Ina vipimo 502, na 124 vya mwanzo vinarudiwa, jumla 626. Ukigawanya unapata kama dakika 5 na sekunde 48. Ongeza muda wa kushikilia na wa ile obo, unafika dakika 6 na ushee. Gardiner yuko kati ya 6 na 7. Kleiber ana 7 na sekunde 20 hivi, lakini hakuna anayemwita mzembe, maana wepesi wa nota fupi ndio unaoleta hisia ya kasi kuliko saa yenyewe.

Marudio ndiyo yanayowachanganya wengi wanapolinganisha urefu. Angalia sehemu ya nne. Ikiwa inakaribia dakika 9, kondakta ameruka marudio ya vipimo 85 vya mwanzo. Ikikaribia 11 ameyapiga. Karajan wa 1962 anayaruka, na hilo ndilo linalonikera. Muziki umepita kwenye kiza chote kile kuufikia mwanga, halafu mwanga unakatwa nusu. Kleiber anayapiga. Kwenye sehemu ya tatu hali ni tata zaidi. Wengi huipiga mara moja tu na inachukua kama dakika 5, lakini kuna dalili kwamba Beethoven aliwahi kutaka iende mzunguko mara mbili. Toleo la kwanza lilichapishwa na wachapishaji Breitkopf & Härtel likiwa na vipimo viwili vya ziada vilivyosalia humo, na mwaka 1810 aliwaandikia kulalamika. Pierre Boulez na New Philharmonia mwaka 1968 wameupiga mzunguko mzima. Mwendo wake ni mzito kiasi cha kuchosha, lakini isikilize walau mara moja, kwani baada ya mzunguko wa pili lile daraja linazidi kutisha: umeamini kabisa kwamba sehemu hii haitaisha.

Kabla hujalinganisha chochote, rekebisha kifaa chako. Sehemu ya tatu na ya nne hazina pengo kati yake. Baadhi ya programu za kusikilizia huweka ukimya wa nusu sekunde kati ya faili na faili, na nusu sekunde hiyo inatosha kulivunja daraja. Washa mpangilio wa kucheza bila pengo. Zima ule wa kufifisha wimbo mmoja juu ya mwingine. Kama programu inasawazisha sauti, iwekee kusawazisha albamu nzima, si kila wimbo peke yake, la sivyo itaiinua sehemu ya tatu na kuishusha ya nne, yaani kufanya makosa ya yule fundi niliyemtaja. Spika ya simu haiwezi kuitoa A-fleti ya besi, utabaki na timpani inayogonga hewani. Tumia hedifoni au spika zenye besi.

Kisha panga sauti hivi: cheza mwanzo wa sehemu ya nne, ongeza mpaka iwe kubwa lakini inavumilika, rudi darajani bila kugusa kitu. Timpani inatakiwa isikike kwa shida. Unapohamia rekodi ya pili, linganisha ukubwa wa sauti ya mwanzo wa sehemu ya nne kwanza, kwa sababu sikio huipa ushindi iliyo na sauti kubwa zaidi hata ikiwa mbaya. Usilinganishe zaidi ya mbili kwa siku. Ukifika ya tatu, sikio linaanza kukumbuka badala ya kusikia.

Rekodi za mono zina hadhari yake. Epuka zilizoandikwa kwamba zimegeuzwa kuwa stereo, na epuka zilizosafishwa mpaka mkwaruzo wote umekwisha, maana mkwaruzo huondoka na mng'ao wa fidla na pumzi ya ukumbi. Ya Arthur Nikisch na Berlin Philharmonic ya mwaka 1913 ilinaswa kwa pembe, bila maikrofoni, kwa hiyo besi karibu hazipo. Iweke mwisho kabisa, na uisikilize kwa ajili ya mwendo tu.

Basi anza na Kleiber, daraja peke yake, mara tatu. Fuata na Gardiner, pale pale. Halafu zirudie zote mbili kuanzia nota ya kwanza hadi ya mwisho bila kusimama. Ukimaliza niandikie jambo moja tu: kwenye kipimo cha 303 cha Kleiber, umesikia basuni au honi?

Wako daima.